Macho Yangu na Ukurasa Mweupe

Naitwa Sekela, mzaliwa wa Ibaba, Ileje. Nasimulia haya kwa ajili yenu mnaoshinda kwenye kompyuta mkisugua macho na kujiambia ni vumbi tu. Nami nilijiambia hivyo.

Kazi yangu ni kuingiza taarifa za mizigo katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma. Nilikuwa mwepesi, madereva wakiniulizia kwa jina. Miwani sikuijua.

Macho yalianza kwa kuwasha. Halafu yakawa kama yametiwa mchanga. Ikifika saa nane mchana, ukurasa mweupe ulinichoma kama jua juu ya bati jipya. Kichwa kiligonga hadi nikatapika. Asubuhi kope ziligandana kwa tongotongo, nikizibandua kwa maji ya vuguvugu. Jirani akanishauri nidondoshee utomvu wa shubiri. Nikadondoshea. Jicho la kulia likavimba, likafumba kabisa.

Niliogopa sana, maana shangazi yangu alipofuka akiwa na umri kama wangu.

Siku moja dereva wa kutoka Ndola akaja dirishani na karatasi. "Bamayo," alisema kwa upole, yaani mama kwa lugha ya kwao, "namba ya kontena umeandika nane. Hapa ni tatu."

Lori lake lilikuwa limezuiwa siku mbili kwa kosa langu. Nililia mbele yake, kisha nikampigia mama.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Viazi havihitaji kusomwa."

"Labda nitarudi, mama, lakini ngoja kwanza nimwone daktari."

Daktari wa macho kule Vwawa alinipima kwa muda mrefu. "Hupofuki," alisema. "Shubiri imeliunguza hili moja, litapona. Ila yote mawili yamekauka. Ukikodolea kompyuta unasahau kupepesa." Akanipa dawa ya matone na miwani, akaniagiza nipumzishe macho mara kwa mara na nipunguze mwanga wa kioo cha kompyuta.

Niliporudi ofisini, mwenzangu Joyce akatazama kompyuta yangu, akaniuliza, "Dada, weupe wote huu wa nini?" Akaweka kwenye kivinjari changu programu ndogo inayotia giza kurasa zote. Tulianza na nyeusi tii, lakini herufi zikawa zinacheza. Tukahamia kijivu cha mkaa na herufi za rangi ya maziwa. Hapo mabega yangu yakashuka yenyewe. Nyaraka zenye mihuri tu ndizo ninazozifungua katika rangi zake halisi.

Kichwa kilitulia kwanza. Baadaye nikaamka kope zikiwa safi.

Namshukuru Mungu, daktari na Joyce. Ndugu yangu, usitie jichoni kitu ambacho hukuandikiwa. Kapimwe kwanza, maana giza la kioo hupunguza mateso tu, ugonjwa haliuponyi. Kisha upepese, na utazame mbali.

Jumapili iliyopita mama alikuja kunitembelea, nami nikapangiwa kusoma somo kanisani. Biblia ile ina herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Niliisoma sura nzima bila kusita, na nilipoinua macho nilimwona mama, benchi la nne, anatabasamu.