Kikao cha Nyimbo Kianjai

Mwalimu mgeni kutoka Wales alikaa nasi Kianjai muhula mmoja. Alitueleza kwamba kwao watu hushindana kwa nyimbo na mashairi, na shindano lenyewe huitwa eisteddfod. Wageni wengi jina hilo huwashinda. Sisi akina mama wa kwaya tulilitamka mara moja, “aistedhvod”, naye akapiga makofi. Ile dh ya katikati tunayo nyumbani, katika Kimeru chetu. Ndiyo hutufanya tuchekwe mjini tukisema “dhelathini”.

“Maana yake nini?” tukamwuliza.

“Kuketi. Ni kama kikao.”

Tukaamua kufanya chetu. Mimi nilikuwa na haja yangu. Mume wangu, aliyefariki mwaka jana, alitunga wimbo wa Kimeru akikamua ng'ombe. Haukuwahi kuimbwa mbele ya watu. Nilitaka usikike kabla sijausahau, ila niliogopa kulia katikati.

Kanisani ilitangazwa kwa kifupi: “Jumamosi kuna kikao.” Kwetu ukiitwa kikaoni, ujue kuna mtu amekosa. Wanaume walifika wamenuna, wengine na mashahidi. Jirani yangu hakungoja hata maombi.

“Mbuzi ni wangu, nakubali,” alisema akinitazama. “Lakini mama, mboga yako ya sukuma ilikuwa imetoka nje ya ua ikiwatafuta.”

“Mbuzi gani?” nikauliza. Sikuwa najua chochote.

“Keti, baba! Tumekuja kuimba!” kiongozi wa kwaya akamwambia. Watu walicheka mpaka mgeni akaomba atafsiriwe.

Nilipoitwa bado nilikuwa nacheka, na kicheko kilinifikisha ubeti wa tatu, wa mwisho. Katika huo mume wangu anamsihi ng'ombe asipige ndoo teke, maana mke yuko jikoni anangoja maziwa ya chai. Hapo sauti ikakatika.

Kutoka nyuma sauti nene ikaendelea, maneno yote, bila kukosea. Alikuwa yule jirani. Nikajiunga naye, tukamaliza ubeti pamoja.

Waamuzi walininyima alama, kwa sababu nilijiandikisha peke yangu nikaimba na mtu. Ni haki.

“Uliujulia wapi?” nilimwuliza nje.

“Mama, ua wetu ni matawi tu. Kila asubuhi aliniamsha nao. Hata ule wa nne naujua.”

“Wa nne upi?”

“Huo alikuwa anauimba ukishaenda jikoni na maziwa.”

“Basi uimbe,” nikamwambia, na akaanza palepale, watu wakitupita na viti vyao vichwani.