Wilhelmina na Kona ya Mviringo

Wilhelmina alijifunza useremala akiwa ameshika upande wa pili wa ubao. Mumewe, Bagenda, ndiye aliyekuwa fundi. Wilhelmina alimshikia mbao, akapiga msasa, akawauzia wateja vitanda kwenye karakana yao ya Igoma. Kiharusi kilipomwangusha Bagenda na kuuacha mkono wake wa kulia ukining'inia, wateja waliendelea kuja, naye Wilhelmina akaishika kazi. Tangu hapo hakumbuki asubuhi aliyoamka bila mgongo kumuuma.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, alipata kazi Igogo kwa mwalimu mmoja, Dorcas. Mwalimu huyo alitaka sebule yake izungushiwe skatingi, zile mbao nyembamba za urembo zinazofunika mahali ukuta unapokutana na sakafu. Kuta zilizonyooka hazikumsumbua Wilhelmina. Shida ilikuwa kona ya kuelekea chumba cha mama yake Dorcas. Bibi huyo haoni, na kwa kuwa alikuwa akijigonga pale kila mara, mwashi aliibomoa ile ncha kali, akaipiga lipu ikawa mviringo.

Wilhelmina aliulowesha ubao kwa maji ya moto, akaukandamiza ukutani kwa magoti na viganja. Ukalia, kisha ukapasuka.

"Umevunjika?" bibi aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Umevunjika, mama."

"Pole, mwanangu. Kaa kwanza."

Alikaa pale pale sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye kona, na kabla hajajua, usingizi ukamchukua. Dorcas alipoingia na chai, bibi alimsikia, akaweka kidole mdomoni.

Wilhelmina alipozinduka, chai ilikuwa imeshapoa. Aliona haya, akainywa hivyo hivyo. Bado hakujua la kufanya. Hakupenda kumuuliza Bagenda mambo ya kazi. Siku hizi maneno humkwama, na yakikwama sana hulia. Lakini hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Akampigia simu, akamweleza kona ilivyo na ubao ulivyopasuka.

Bagenda akasema, "Numa."

"Nyumbani? Nije nyumbani? Unaumwa?"

"Numa!"

"Nikimaliza nitakuja, Bagenda. Hata mimi natamani kurudi. Nimechoka."

Machozi yalimjia, akayafuta kwa mkono wenye vumbi la mbao. Upande wa pili alimsikia mumewe akihema, kisha akigonga kitu kwa hasira. "Kata," Bagenda alisema polepole. "Kata… nyu-ma."

Nyuma. Ubao ukatwe upande wa nyuma.

"Nimekusikia," Wilhelmina alisema. "Nimekusikia, baba."

Alichukua ubao mwingine, akaulaza kifudifudi, akaupitisha msumeno mgongoni, mikato mingi iliyokaribiana, bila kuuacha msumeno ufike upande wenye urembo. Kisha akaufunika kwa kitambaa cha maji ya moto. Dorcas alikuja kushika ncha moja. Safari hii ubao ulikubali kupinda, kidogo kidogo, mpaka ukaulalia ukuta. Akaupaka gundi, akaukaza kwa skrubu.

Chini palibaki upenyo wa kupitisha ukucha. Zamani angeubandua ubao aanze upya. Siku hiyo alichanganya gundi na vumbi la mbao, akaziba, akafuta.

Bibi aliinuka, akapita na kiganja ukutani huku vidole vya mguu vikiufuata ubao hadi mlangoni kwake. "Panapita," alisema. Wilhelmina akafungasha vifaa.

Bagenda alikuwa amekaa barazani akimsubiri. Akainua nyusi kuuliza.

"Imekaa," Wilhelmina alimwambia. "Chini pana upenyo, nimeuziba."

Bagenda akatikisa kichwa kukubali. Wilhelmina alipika, akamlisha, yeye mwenyewe akala matonge machache akaacha. "Kesho siendi popote," alisema. "Karakana haifunguliwi."

Bagenda alimtazama kama mtu asiyeamini, maana maneno hayo alikuwa ameshayasikia mara nyingi.

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, mteja alibisha hodi akitaka fremu za madirisha. Wilhelmina alimsikia akiwa kitandani, wala hakuinuka. Alisikia fimbo ya Bagenda ikigonga sakafu taratibu kuelekea mlangoni, kisha sauti yake ikiyatafuta maneno, na mteja akingoja.

"Amelala," Bagenda alisema mwishowe. "Njoo… kesho."

Wilhelmina akageukia ukutani, akavuta shuka.