Alama Kwenye Shavu la Kushoto

Mwezi ule kabla ya mtihani, mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndio daftari. Kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko niliuchora petali, mawimbi na nukta, nikafuta, nikachora tena, hadi ngozi ikawa nyekundu na ya kuwasha. Binamu yangu niliyekuwa nikikaa kwake hapa Garissa aliniuliza kama nimepata ugonjwa. Nikamwambia ndiyo, unaitwa mtihani wa vitendo.

Nilikuwa naogopa, na sikuona haya kusema. Baba yangu, mfugaji wa Habaswein, alikubali kwa shingo upande nije kusomea urembo, na masharti yake yalikuwa mafupi: mwaka mmoja, mtihani mmoja. Nikifaulu, nibaki mjini nipambe maharusi. Nikianguka, nirudi nyumbani nikauze madira, magauni yetu mapana, na mama dukani. Baba si mtu wa kugeuza neno. Tangu utoto sijamsikia akisema jambo leo na kesho akasema lingine, na hilo ndilo lililoniondolea hamu ya kula.

Kupamba bibi harusi nilikuweza. Wanja, poda, nyusi, hayo yote mikono yangu iliyajua. Kilichonitoa jasho ni somo la mwisho, la kuchora uso kwa ubunifu. Mwalimu wetu, mwanamke mpole wa kutoka upande wa Embu, siku ya kwanza alituonyesha picha za nyuso zilizogeuzwa simbamarara na vipepeo, akatuambia kila mmoja achague mnyama wake. Hakuna aliyechagua. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja, na karibu sote tumelelewa tukiambiwa kwamba kuchora kiumbe chenye roho ni kujitafutia maswali mbele ya Mungu. Mwenzetu mmoja akajikaza akamweleza. Mwalimu hakukasirika. Alisema basi tuchore maua, mistari, maumbo, chochote kile, mradi kiwe chetu wenyewe na si cha kunakili.

Wenzangu walishukuru. Mimi nilizidi kuingiwa na hofu, kwa sababu simbamarara angalau ana picha ya kuiga. Kitu changu mwenyewe ningekitoa wapi?

Nikajitupa kwenye mazoezi. Rangi za uso huja zikiwa zimekaushwa kwenye vikopo, nawe unazilainisha kwa maji. Maji yakizidi, rangi inatiririka. Yakipungua, inapasuka kama ardhi ya kiangazi. Sponji hugusishwa tu, haisuguliwi. Rangi hafifu hutangulia, nyeusi huja mwisho. Mstari mzuri huanza mwembamba kwa ncha ya brashi, ukaunenepesha kwa kukandamiza kidogo, ukaumaliza kwa kuinua mkono taratibu, na kidole kidogo kikiegemea shavu la mwenzako kisitetemeke. Changu kilitetemeka. Mwalimu alinishika kifundo cha mkono mara nyingi akiniambia nipumue, nami nilikuwa nikipumua kupita kiasi.

Siku ya mtihani kila mwanafunzi alipaswa kuja na mtu wa kupakwa, tuliyemwita modo. Wangu alikuwa binti wa jirani, msichana mtulivu aliyemaliza shule mwaka uliopita, aliyezoea kuniita abaayo, yaani dada. Nyanya yake alikataa aje peke yake, kwa hiyo ayeeyo, kama tunavyomwita nyanya kwa Kisomali, akaja naye, akaketi kwenye kiti cha nyuma na tasbihi yake. Tulianza saa nane mchana, tukapewa mpaka saa tisa na nusu ili nyuso ziwahi kuoshwa kabla ya sala ya Alasiri. Mtahini alikuwa mwanamke kutoka Nairobi, mwenye viatu visivyotoa sauti. Hilo nalo lilinikera, maana sikujua saa ngapi yuko nyuma yangu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nilizungusha petali za buluu na nyeupe kwenye macho mpaka kwenye paji la uso, nikashusha mistari kwenye shavu la kulia, ikatulia. Nikahamia la kushoto, na hapo stima ikapotea. Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Dakika chache tu chumba kikawa tanuri, na msichana wa watu akaanza kutoka jasho kwenye nywele, likateremka shavuni likibeba rangi yangu. Nikapangusa, nikagusisha sponji upya, nikapepea kwa kifuniko cha sanduku. Shavu likakauka, jeupe, tupu. Nikaliangalia na kichwa changu kikawa tupu vilevile. Sikukumbuka petali, sikukumbuka wimbi, sikukumbuka hata jina la rangi niliyoishika.

Mkono ukaenda wenyewe. Ulivuta mstari mmoja mweusi kutoka chini ya jicho hadi karibu na taya, ukaukunja juu kama ndoano, ukaweka nukta mbili pembeni. Haukutetemeka hata kidogo. Ulikuwa mstari bora kuliko yote niliyowahi kuchora, na kwa mara ya kwanza mwezi mzima nilihisi moyo wangu umekaa mahali pake.

Mtahini akasimama kando yangu. Akasema hiki amekipenda, hajakiona kwa mwingine yeyote, akauliza kimetoka wapi. Nikamjibu kimetoka nyumbani. Akatabasamu, akasema atarudi kunipa alama akimaliza meza ya jirani.

Nilipogeuka, ayeeyo alikuwa amesimama karibu nami. Tasbihi ilikuwa imeshaingia mfukoni.

"Mwanangu," aliniambia kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, "mbona umempiga mjukuu wangu chapa ya ngamia wa watu?"

Nikatazama tena shavu lile, nikaona nilichofanya. Ilikuwa chapa ya ngamia wetu. Kila ukoo una yake, huchomwa kwa chuma cha moto shingoni au shavuni, na anayeiona anajua mnyama ni wa nani. Nilipokuwa mdogo, ngamia akipotea, baba aliwachorea wasafiri alama ile mchangani kwa kijiti ili wamwangalie njiani. Nami niliijua kabla ya kujua alifu. Niliichora kwenye vumbi la malori na pembeni mwa madaftari, na sasa nilikuwa nimeiweka usoni mwa binti wa ukoo mwingine, pale pale inapowekwa kwa mnyama, na maana yake ni moja tu: huyu ni mali yetu.

Nilijitetea. Nilimwambia ayeeyo kwamba ni rangi tu, itatoka kwa maji kabla ya Alasiri.

"Na baba yako akikuta ngamia wake amepakwa alama yetu kwa rangi," akasema, "atasubiri mvua?"

Mwalimu akaja kuuliza kuna nini, na ayeeyo akamweleza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwalimu, huyu mtoto yako hana ubaya. Lakini hii kitu ni ya ngamia ya watu. Bangusa." Mwalimu hakuelewa uzito wake, na simlaumu. Aliniinamia akaninong'oneza kwamba mtahini ameipenda, kwamba zimebaki dakika chache, nivumilie tu mpaka nipewe alama zangu.

Nilisimama pale na sponji mkononi, nikimwona baba kwenye mlango wa nyumba yetu, nikimwona mama akikunja madira. La kuvunda halina ubani, nilijiambia, na bado sikufuta. Natamani niseme nilifanya haraka jambo la haki. Sikufanya haraka. Nilikuwa nikipiga hesabu za mtahini, amebakiza nini meza ya jirani, kama ningeweza kumchelewesha ayeeyo kwa maneno hadi afike.

Kisha modo wangu, aliyekuwa amefumba macho muda wote kama nilivyomwagiza, akayafumbua.

"Abaayo," akaniuliza, "umenichora nini?"

Nikafuta. Kwa kuwa nilifuta kwa pupa, nilitoa na rangi ya chini yake, na petali mbili za juu zikaenda nayo. Mtahini aliporudi alikuta nusu ya uso imepambwa na nusu ni shavu la msichana lenye madoa ya kijivu. Aliuliza ile alama iko wapi. Nilimwambia haikuwa yangu kumpaka huyu. Aliandika, akaondoka na viatu vyake visivyo na sauti.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Nilianguka somo lile. Nilizunguka na simu siku nzima, nikianza kupanga nguo zangu na kuziacha, kisha nikampigia baba na kumwambia yote, tangu stima mpaka ayeeyo, bila kupunguza.

Nilisikia mbuzi upande wake. Akauliza binti ni wa watu gani, nikamtajia. Akauliza shavu gani, nikamwambia la kushoto.

"Na mtahini alikuwa ameshaipenda?"

"Alikuwa ameshaipenda, Aabo."

"Ukaifuta."

"Nikaifuta."

Akakohoa. "Mtihani huo hurudiwa lini?"

Nikamwambia baada ya miezi mitatu.

"Basi kaa huko uurudie," akasema, akakata simu kabla sijamshukuru. Nililia kwa furaha, na kabla machozi hayajakauka nikaanza kuhesabu wiki zilizobaki.