Kikombe cha Luvenia Mungin

Watu wa kisiwani waliposikia Vernelle Mungin kapata kazi ya kutembeza wageni katika jumba la Belrose, walisema mama huyu amerukwa na akili. Mtu kastaafu udereva wa basi la shule, ana pensheni yake, ana kiti chake barazani, kisha anakwenda kujivika sketi ndefu na kilemba kwenye shamba lilelile ambako babu wa babu yake, mtumwa, alichimba mitaro ya mpunga, maji yakimfika kiunoni, bila kulipwa hata senti. Vernelle hakubishana na mtu. Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa imezikwa nyuma ya jumba hilo.

Makaburi ya akina Mungin yako ndani ya uzio wa Belrose. Miaka nenda miaka rudi, aliyetaka kumwamkia marehemu wake ilimbidi asimame langoni, akate tiketi kama mtalii, abandikwe karatasi ya kijani kifuani, halafu aelekezwe kwa adabu duka la zawadi liliko. Vernelle alikata tiketi ya kwenda kumwona mama yake mpaka akachoka. Siku alipoona tangazo la kazi aliingia ofisini palepale, maana mfanyakazi haingii kwa tiketi, tena anapewa na ufunguo wa geti la nyuma.

Waongozaji wengine walianzia kwenye mapazia, wakaenda kwenye vijiko vya fedha, wakamalizia kwenye ngazi ya mviringo wanapopigiwa picha mabibi harusi. Ukiwasikiliza ungedhani jumba liliota lenyewe baada ya mvua. Waliolijenga walitajwa mara moja tu, tena kwa jina la "wasaidizi". Vernelle yeye alianzia shambani. Alionyesha mitaro, akataja homa, nyoka na mjeledi wa mnyapara, akaonyesha kibanda walimolala watu kumi na wawili, na ule ubao barazani waliposimamishwa watoto ili wanunuzi wawatazame meno. Wageni walimsikiliza huku wakitazama saa. Jioni wakaandika maoni yao mtandaoni: mahali pazuri, lakini yule mama anatia huzuni; tulikuja kuona maua. Mmoja alitoa nyota mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya usafi wa choo.

Meneja wa Belrose, Whit Hollis, mwanamume wa makamo anayevaa viatu bila soksi, alimwita ofisini.

"Bi Vernelle mpenzi, sisemi usiseme. Sema, ila punguza kidogo. Watu wako likizo."

"Na wale wa shambani, likizo yao ilikuwa lini?"

"Unaona sasa? Hapo ndipo tunapopoteza nyota."

Huku kwetu visiwani, ng'ambo ya bahari kutoka Afrika, mtu hazikwi mikono mitupu. Kile alichokitumia mwisho, kiwe kikombe, saa au chupa ya dawa, huwekwa juu ya kaburi lake, na huvunjwa kwanza ili mnyororo wa kifo ukatike, asije akamvuta mwingine wa nyumba hiyo. Kikishawekwa hakiguswi. Anayekichukua hafuatwi na mzimu. Wanaofuatwa ni ndugu wa marehemu. Juu ya kaburi la Luvenia, mama yake Vernelle, palikuwa na kikombe cheupe chenye picha ya jogoo, alichokinunua kwenye duka la vitu vya bei poa pamoja na vibanio vya nguo. Vernelle mwenyewe ndiye aliyekivunja kishikio kwa jiwe siku ya mazishi, huku analia. Jua na mvua vilimla jogoo miaka ile yote, ukabaki mkia.

Jumatatu moja Vernelle aliingia kazini akakuta kabati jipya la kioo sebuleni. Ndani yake, juu ya mahameli nyekundu, kilikaa kikombe cha mama yake. Pembeni palibandikwa maneno: "Kikombe cha mtumwa asiyejulikana. Kina alama yenye asili ya Afrika. Kishikio kilivunjwa, huenda kwa ukatili."

Alipanda ngazi ya mviringo kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau.

"Bwana Hollis, kile kikombe ni cha mama yangu."

Hollis akaweka mkono kifuani, macho yakamlegea. "Kwa namna fulani, Bi Vernelle, ni cha mama zetu sote."

"Si kwa namna fulani. Alikinunua dukani, mimi nikiwa nimemshikia mkoba. Mmekitoa kaburini."

"Mtaalamu amekichunguza. Vipeperushi vimechapishwa. Tunazindua kabati Jumamosi." Akashusha sauti. "Wewe si ndiye uliyetaka tuzungumzie utumwa? Sasa tunazungumzia. Kama hutaweza kukielezea, yupo msichana ataweza, na wewe utauacha ule ufunguo wa geti mezani."

Maskini Hollis alikuwa amepata utumwa wa namna anayoipenda: mdogo, uliofungiwa kwenye kioo, usiojibu mtu. Hata wageni wenye haraka wangeweza kuuona kabla ya chakula cha mchana.

Jioni kaka yake Vernelle, Ezell, akapiga simu.

"Dada, mama kaja."

"Kaja wapi?"

"Ndotoni. Kasimama jikoni kwangu, anafungua makabati moja baada ya jingine. Sikuthubutu kumuuliza anatafuta nini. Na mguu umevimba, kiatu hakiingii."

"Mguu wako ni sukari, Ezell. Acha soda."

"Soda nimeinywa miaka yote na mguu haukuvimba. Mrudishie mama kikombe chake."

"Mbona haji kwangu?"

"Wewe alikuwa anakuogopa tangu akiwa hai."

Vernelle alicheka, kisha akakata simu, akakaa. Akikichukua kikombe kwa nguvu, watamfukuza, na kaburi la mama litarudi kuwa la tiketi. Akikiacha, mama ataendelea kuzurura kwenye makabati ya watu.

Jumamosi sebule ilijaa. Vernelle aliwaongoza hadi kwenye kabati, na kabla hajafungua kinywa, mwanamke mmoja mwenye kofia pana akaanza kulia. Mumewe akavua kofia yake. Kundi zima likainamisha vichwa. Walikuwa ni haohao waliopiga miayo kwenye ule ubao wa watoto nusu saa iliyopita. Vernelle aliwatazama, na kwa kweli moyo ulimlainika. Hapana mtu aliyewahi kusimama kwa heshima hivyo mbele ya kitu chochote cha mama yake. Angeweza kunyamaza tu, mama akapata machozi yake na yeye akabaki na ufunguo.

"Mwenye kikombe hiki anajulikana," alisema. "Anaitwa Luvenia Mungin, na ni mama yangu. Alikinywea kahawa asubuhi ya kufa kwake. Hiyo alama ni mkia wa jogoo. Kishikio nilikivunja mimi, na kikombe kilitolewa juu ya kaburi lake, hapo nje."

"Kwa hiyo hakuwa mtumwa?" aliuliza yule mwanamke, machozi yangali shavuni.

"Hapana, bibi. Alitandika vitanda kwenye hoteli ya ufukweni, ile kubwa baada ya daraja. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha babu yake kabla hakijachukuliwa."

"Si ndipo tulipofikia?" mume akasema.

Mwanamke akajifuta uso, kidogo kwa hasira, kama mtu aliyetoa sadaka kwenye kanisa lisilo lake. "Kama una mtu unayemfahamu pale," akasema, "mwambie taulo hazitoshi."

Kisha wakatoka kwenda kuona maua.

Vernelle alisubiri kufukuzwa. Hollis alishuka, akafungua kabati. Jumatatu alikuwa amekishika kile kikombe kwa glavu nyeupe. Sasa alikinyanyua kwa vidole viwili, akakitumbukiza kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa na makombo ya mkate wake. "Chukua, Bi Vernelle. Hakina kazi tena." Hata hakukumbuka kuuliza habari za ufunguo. Alikuwa anawaza ataweka nini kabatini.

Alichokitaka alikipata, na kilimuuma. Walipodhani ni cha mtu aliyepigwa mijeledi, walikilaza kwenye mahameli. Walipojua ni cha mwanamke aliyewatandikia wao vitanda mpaka mgongo ukapinda, kikatoka na makombo.

Alifungua geti la nyuma, akapiga magoti kwa sketi yake ya kazini, akakikandamiza kikombe kwenye udongo pale kilipokuwa.

"Mama," alisema, "wanasema taulo hazitoshi."

Akajaribu kucheka, na hapo ndipo alipolia.