Sisimizi wa Msalani

Ngadiran aliamka na hasira, na haikuwa ya siku hiyo, ilikuwa ya mwaka mzima. Aliamka kwenye benchi la mbele ya televisheni, alipokuwa akilala tangu Idi iliyopita kwa kisingizio kwamba chumbani kuna joto. Mkewe, Mama Ratri, hakuwahi kumuuliza ni joto gani hilo linalokaa chumbani tu lisifike sebuleni. Kutoulizwa huko kulimuudhi kuliko kuulizwa.

Joto halikuwepo. Jogoo alikuwa ameacha kuwika, basi. Kwanza siku mojamoja, akasingizia uchovu, kisha wiki nzima, kisha kabisa. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mtengeneza tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, mwana wa mtengeneza tempe, mwenye mapaja magumu kwa kukanyaga soya tangu utotoni! Alimlaumu mkewe kwa kunenepa. Alimlaumu mama mkwe kwa jicho baya. Mwili wake mwenyewe hakuushuku hata kidogo.

Dawa aliitafuta pale wanaume wote wa kitongoji wanapoitafuta, kwa Jumbadi muuza kahawa. Chini ya meza Jumbadi aliweka pakiti za kahawa ya nguvu zenye picha ya farasi aliyesimama kwa miguu miwili.

"Koroga moja, Kang Diran," alimnong'oneza, akimwita kaka kama ilivyo desturi. "Leo mkeo ataita majirani waje kumuokoa."

Ngadiran alikoroga. Moyo ulimwenda mbio, kichwa kikamgonga, farasi hakutokea. Akaongeza ya pili. Siku alipoomba tatu kwa mpigo, Jumbadi aligeukia benchi zima na kupaza sauti.

"Jamani! Bendera ya Kang Diran iko nusu mlingoti! Nani kafa?"

Watu walicheka mpaka kahawa ikawatoka puani. Na hili ndilo linaloniudhi mimi ninayesimulia: Ngadiran naye alicheka, tena akawapita wote kwa sauti. Kisha akaenda nyumbani akaipiga ndoo teke.

Si kwamba mwili haukumwambia. Ulimwambia mpaka ukachoka. Kiu ilimshika, akawa anamaliza birika la chai nzito kabla ya adhuhuri, sukari vijiko vinne kila glasi, na kiu palepale. Siku moja alifika kibandani kwa Jumbadi na kandambili mguu mmoja, mguu wa pili peku. Kandambili ilimvuka njiani asijue. "Mzee kaanza kuchanganyikiwa!" Jumbadi akacheka tena. Halafu wale sisimizi. Kila alfajiri walijipanga msalani pale alipokojoa, foleni ndefu, kama wameitwa karamuni. Hata mtoto mdogo wa mji wetu wa Klaten anajua sisimizi wa namna hiyo wanasema nini juu ya mkojo wa mtu: una sukari. Ngadiran aliwamwagia maji ya moto, akafagia kabla mkewe hajaamka, kisha akaenda kunywa chai yake. Mtu kama huyo unatamani umkamate shati umtikise.

Asubuhi ya Jumatano Pon, siku ya soko kwa kalenda ya kwao, aliingia kwenye tenga la mwanzi lililojaa soya iliyochemshwa, akaanza kukanyaga ili maganda yatoke. Mama Ratri alikuwa akimwagia maji kwa kata. Mara mkono wake ukasimama.

"Baba Ratri, toka."

"Sijamaliza."

"Toka humo! Maji yana damu!"

Ngadiran alitazama huku na huku kutafuta damu ya nani. Aliponyanyua mguu wa kushoto, akaona. Waya wa kufungia tenga ulikuwa umechomoka, ukamwingia chini ya vidole na kujikunja ndani ya nyama. Alikuwa ameukanyagia muda wote huo, na hakusikia maumivu yoyote.

"Nani kalifunga tenga hili?" alifoka. "Nilikwambia uliangalie! Mwanamke huna macho?"

Mama Ratri akaitupa kata. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa yao hakuwahi kumpandishia sauti, na sasa alipiga kelele hadi mtaa wa pili.

"Macho ninayo! Na ndiyo yanayoona sisimizi!"

"Sisimizi gani?"

"Unawafagia alfajiri ukidhani nimelala! Ukiondoka wanarudi, nawafagia mimi, ili usijue kwamba najua. Mwaka mzima, Baba Ratri! Mwaka mzima tunafichana sisimizi!"

"Mbona hukusema?"

"Niseme vipi na mtu aliyenihama chumba? Nilidhani una mwanamke huko sokoni. Siku nilipowaona sisimizi nilishukuru, unasikia? Nilisema afadhali ugonjwa. Nikajichukia kwa kusema hivyo."

Mkewe alikuwa amekwisha kupiga magoti na koleo mkononi. Aliuvuta waya huku mumewe akitazama, na mguu ukatulia tu kama si wake. Hapo woga ukamshika. Lakini mtu huyu hata woga kwake hutoka kwa njia ya hasira: alilisukuma tenga, soya yote ikamwagika matopeni.

Daktari wa kituo cha afya alikuwa msichana wa rika la binti yao. Alipima sukari, akatikisa kichwa, akapima tena. Akapima presha. Kisha akauliza bila hata kupunguza sauti, ingawa kwa heshima alimwita Pak, yaani baba.

"Na chumbani, Pak, mambo yakoje?"

"Nimeleta mguu," Ngadiran akafoka. "Chumba nimekiacha nyumbani."

"Mwaka mzima hakuna kitu, Dokta," alijibu Mama Ratri. "Na anakunywa kahawa ya farasi, pakiti nimezikuta."

"Basi mngekuja mwaka jana. Pak, kisukari kinakula mishipa ya damu na ya fahamu, ya huko na ya miguu na ya moyo. Ya huko ni myembamba, mara nyingi inatangulia kulalamika. Ilikuwa inakuita, wewe ukaona haya. Na hiyo kahawa ya farasi, hakuna ajuaye wametia nini. Kwa presha hii ingekuua."

Kidonda kikaoza. Vidole viwili vilikatwa, na daktari akamwambia kwamba miguu hiyo isiingie tena kwenye soya. Kazi ya baba yake, na ya babu yake kabla ya hapo, ilimalizikia kwenye karatasi ya hospitali. Ngadiran hakulia. Alitukana siku tatu mfululizo, akimtukana zaidi yule bwege aliyekuwa akifagia sisimizi, yaani yeye mwenyewe.

Baada ya wiki tano alikwenda kibandani kwa fimbo, mguu umefungwa bandeji.

"Kang Diran!" Jumbadi alimlaki. "Bendera vipi?"

Ngadiran aliipiga meza kwa fimbo, glasi zikaruka.

"Imeanguka! Mwaka mzima imeanguka! Haya, ambaye yake inapepea anyooshe mkono! Nani kati yenu hajawahi kuona sisimizi msalani kwake? Semeni! Mlinicheka, na mimi mpumbavu nikacheka nanyi, na vidole vyangu sasa vimeshazikwa kabla yangu!"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Ngadiran alizizoa pakiti za farasi chini ya meza, akazitupa mtaroni, akageuka na kuondoka akichechemea.

Alikuwa amefika kwenye kona aliposikia mtu anamkimbilia. Alikuwa Jumbadi, kitambaa cha kufutia meza bado kiko begani. Alitazama nyuma kwanza, kisha akasogea karibu.

"Kang," alinong'ona. "Hao sisimizi wako... walikuwa weusi au wekundu?"

Ngadiran alifungua kinywa amtukane. Macho yake yakashuka hadi miguuni mwa Jumbadi, yakabaki huko.

"Kandambili yako nyingine iko wapi?" aliuliza.

Jumbadi akainama kutazama.