Udongo wa Dorothea

Kama hujawahi kuchoka, nenda kanunue nguo Shisanhang, soko la jumla kule Guangzhou, China. Alfajiri, hata mswaki hujapiga, uko kwenye foleni ya lifti na mikokoteni inakugonga visigino. Mwenye duka anakukaripia kwa kugusa tu blauzi. Ukimwomba apunguze bei anakukatisha, "Bu xing!" Haiwezekani. Basi, ndiyo imeisha hiyo.

Dorothea, mwenye duka la nguo Makambako, alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita, akienda na kurudi. Uchovu wa miguu aliujulia dawa, maji ya moto na chumvi. Huu mwingine, jamani, haukuwa na dawa.

Safari yake ya kwanza Guangzhou, mumewe Ernest alianguka ghafla akafariki. Kabla hajapata ndege, wakazika. Akaja kufariki mama yake, naye akazikwa Dorothea akiwa huku huku. Sasa, mwaka 2007, presha ilikuwa imemchukua Sesilia, dada yake mkubwa. Pasipoti ya Dorothea ilikuwa polisi ikiongezewa viza. Angeruka na nini, na mabawa?

Jumapili, kwenye ibada ya Waafrika Mashariki katika sebule ya kupanga kule mtaa wa Sanyuanli, kila mtu alikuja kumpa pole. Lusajo, mwanafunzi wa udaktari, kijana wa watu asiye na baya, akamshika mkono. "Jipe moyo, Mama. Mtaonana mbinguni."

"Hilo ndilo linaloniogopesha," Dorothea akasema.

"Unaogopa mbinguni, Mama?"

"Mbinguni naamini, mwanangu. Ila Ernest nitamtazamaje usoni? Ataniuliza, mke wangu, nilipokuwa nafukiwa ulikuwa wapi? Nimwambie nilikuwa nabishania bei ya suruali?" Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Kwetu hata uliyegombana naye anakuja makaburini kukutupia udongo. Mimi watu wangu wote wamekwenda, sijamtupia hata mmoja!"

Lusajo akaanzisha wimbo. Wakaimba, wakala wali, wakatawanyika.

Mazishi yalikuwa Jumanne saa sita mchana. Huku ilikuwa jioni, na Dorothea alikuwa kwenye ofisi ya mizigo akifunga marobota, maana kontena lilikuwa linaondoka na halikujali nani kafiwa. Alikuwa amekubaliana na mdogo wake Wilbard: jeneza likishushwa Wilbard atambipu, Dorothea apige kwa kadi yake ya simu, naye Wilbard amshikie simu pale pale kaburini asikie.

Bipu ilipoingia, akakaa juu ya robota, akapiga. Akasikia upepo, na akina mama wa kwaya wakiimba kwa sauti zilizokauka. Mchungaji alikuwa akiita: watoto wa marehemu wasogee, ndugu zake wasogee. Kisha udongo ukaanza kugonga mbao. Dorothea akajifunika kanga usoni ili wafungaji mizigo wasimwone.

"Dada, upo?" Wilbard akanong'ona. "Sasa wewe leo atakutupia nani?"

"Kunitupia nini?"

"Udongo wako. Si siku zote alikuwa anakutupia Dada Sesilia?"

"Wilbard, unasema nini wewe?"

"Kwani hujui? Kwa shemeji Ernest alitupa wake, akainama tena akatupa mwingine, akasema, huu wa Dorothea. Kwa Mama vilevile. Mchungaji alitaka kuendelea, akamzuia: subiri, bado mdogo wangu. Sisi tulidhani alikuambia."

Amwambie wapi! Sesilia huyo, kila akipigiwa simu habari zake zilikuwa kuku na magoti yanayouma. Miaka yote ile Dorothea alikuwa akijihesabu mtoro, kumbe kwenye makaburi yote mawili jina lake lilitajwa, na udongo wake ulikuwa umelala pamoja na wa wenzake.

Kanga ikamteleza usoni, asijali. Alilia kwa sauti, kilio cha nyumbani kabisa, mpaka mfungaji mmoja wa Kichina akaacha tepu yake, akamletea kikombe cha maji ya moto, akamwekea karibu.

"Dada, wanafukia sasa. Nani atupe?"

"Wewe. Jaza mkono, Wilbard. Na upaze sauti."

Akamsikia mdogo wake akikohoa, akijikaza. "Huu wa Dorothea!" Udongo ukaanguka.

"Tayari, Dada."

"Mwambie na neno langu."

"Dada, ameshafunikwa."

"Mwambie hivyo hivyo! Awasalimie Ernest na Mama. Awaambie nitafika. Nimechoka tu, lakini nitafika."