Baiskeli Isiyo na Pedeli

Nakumbuka asubuhi moja kule Kisesa, mwanangu, mama yangu aliposimama katikati ya njia akilia kama aliyepata msiba, kumbe mimi nilikuwa nimejua tu kuendesha baiskeli.

Usimcheke. Kaka yangu alikuwa amegongwa na lori barabara kuu akiwa kwenye baiskeli, na tangu tumzike, mama hakutaka kuona baiskeli. Lakini nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari, shule ilikuwa mbali, na baba alishasema wazi: nisipojua kuendesha, nitabaki nyumbani nilime pamba. Na baba alikuwa harudii neno.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuja na spana. Akafungua pedeli zote mbili za baiskeli, akashusha kiti mpaka nyayo zangu zikagusa ardhi. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mjomba akaniambia nijifunze kwanza kutoyumba, pedeli zitakuja baadaye. Basi nikawa nasukuma kwa miguu, nainyanyua, nateleza kidogo, nasimama. Shida ilikuwa mama. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti, kanga inamdondoka, na hakukubali kuachia.

"Dada," mjomba akamwambia taratibu, "huyu anazoea mikono yako, hajazoea baiskeli. Mwachie."

"Nimeshazika mmoja," mama akajibu.

"Najua. Kaburi nilichimba mimi."

Kisha mama akaachia, nami nikaenda mbele bila kuanguka. Mjomba akarudisha pedeli, na shule ilipofunguliwa nikaondoka na wenzangu.

Sasa wewe, mwanangu, mwanao Neema ana baiskeli yenye vigurudumu vya pembeni, na kila nikija kwako Mabatini nakuta umevikaza zaidi. Hofu hiyo naijua, nimelelewa nayo, na inaniuma kuiona kwako. Vifungue. Toa na pedeli, shusha kiti, mpeleke uwanjani pasipo na magari, mwonyeshe breki, halafu ondoa mkono. Akichubuka goti, mwoshe, mbembeleze, mpandishe tena. Mama yangu hakuacha kuogopa hata siku moja. Aliniachia akiwa anaogopa, na ndiyo maana mimi nilisoma.

Mungu amlinde Neema katika kila njia atakayopita, na wewe akupe nguvu ya kubaki nyuma ukimtazama anavyokwenda.